Mkunga Asiyeamini Barua

Mwanamke aliyejifungulia mikononi mwa Mkunga alirudi nyumbani na vitu viwili: mtoto, na tusi ambalo angelikumbuka hadi mtoto huyo aoe. Mke wa mchungaji aliambiwa kwamba analia kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua. Mke wa chifu, aliyekuja zahanati na godoro lake mwenyewe, aliambiwa, "Godoro halisukumi, mama. Sukuma wewe." Mimi sikuwa na mimba wala mume, lakini nilipata langu siku ya kwanza, nikiwa nimesimama mlangoni pake na sanduku la vitabu.

"Wewe ndiye mwalimu mpya? Ule wa chuo kikuu?"

"Ndiyo, Sista."

"Unajua kuwasha jiko?"

Nikasema nitajifunza.

"Yawa! Serikali imetuletea digrii isiyojua kuchemsha maji."

Tangu hapo jina langu likawa Digrii. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru, na mimi nilikuwa mwanamke wa kwanza mwenye shahada kupangiwa kazi upande ule wa Kosele. Hakuna aliyekuwa ameniuliza habari hiyo, ila nilikuwa tayari kumweleza yeyote. Shule yangu ya wasichana na zahanati yake zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na ua huo ulikuwa na tundu lililotosha sauti yake kupita bila kuinama.

Alivaa sare nyeupe iliyotiwa wanga mpaka ikawa inasimama wima hata bila yeye. Saa ilining'inia kifuani, kichwa chini miguu juu, ili yeye tu aisome. Wagonjwa walimwita Sista. Wauguzi wawili waliokuwa chini yake walimwita Sista akiwapo, na majina mengine asipokuwapo. Kanisani aliketi benchi la mbele na kuitazama saa yake wakati wa mahubiri, jambo lililofupisha mahubiri ya kanisa lile kuliko makanisa yote ya wilaya.

Lakini ukitaka kumfahamu Mkunga ni lazima uanze na beseni. Lilikuwa jeupe, la enameli, lenye mstari wa buluu ukingoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mtoto akishatoka, wote wakishacheka na kumshukuru Mungu, yeye hakucheka. Alisubiri kondo la nyuma. Likitoka alilitia ndani ya beseni, akaliosha kwa maji safi, akalibeba hadi dirishani penye mwanga, akaligeuza na kulipapasa pande zote kama mtu anayetafuta kiraka kwenye blanketi. Mama angeweza kuwa anaita, bibi wa mtoto angeweza kuwa anapiga vigelegele mlangoni, Mkunga hakugeuka. Mpaka atamke neno lake: "Imetimia." Ndipo uzazi ulipokuwa umekwisha.

"Watu wanaogopa mtoto asitoke," aliniambia mara moja, nilipothubutu kuuliza. "Mtoto atatoka, ataenda wapi? Uogope kile kinachobaki. Kipande kama yai la kuku tu. Siku ya saba, ya nane, wageni wanakula nyama, mama anakufa chumba cha ndani. Na kila mtu atasema amelogwa."

"Na usipoona vizuri?"

"Naangalia tena. Siandiki kitu sijaona."

Huo ulikuwa msimamo wake wote wa maisha, na ninaukumbuka kwa sababu mimi nilikuwa nimesoma miaka mitatu vitabu vya falsafa bila kukutana na mtu aliyekuwa na hata mmoja.

Sasa sikilizeni kioja. Mwanamke huyu, aliyesimama kila Jumatano mbele ya akina mama na kuwafokea kwamba anayeona damu baada ya umri wa damu kwisha aje mbio, mbio, si kesho, alikuwa anatokwa na damu mwaka mzima na hakumwambia mtu. Alifua vitambaa vyake mwenyewe. Alijipa dawa ya kuongeza damu kutoka kabati lake mwenyewe na kujiandikia kwenye daftari kwa jina la mgonjwa asiyekuwapo. Nilijua siku alipoanguka kwenye baraza la zahanati, na hata hapo, akiwa ameinuliwa na watu wanne, alikuwa akiwalaumu kwa namna walivyomshika.

Daktari mzungu wa hospitali moja ya misheni, upande wa Migori, alimpima akasema ni kansa ya kizazi, na kizazi kitolewe mara moja. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Alinichagua, alisema, kwa kuwa sikuwa na kazi ya maana.

Alipozinduka, neno lake la kwanza halikuwa sala. Lilikuwa, "Kiko wapi?"

Daktari alikuwa mtu mwema, mrefu, mwenye Kiswahili cha kwenye Biblia. Alisimama miguuni pa kitanda, mikono mfukoni, akatabasamu. "Sista, tumetoa yote. Usihofu."

"Nionyeshe."

"Kimekwenda Nairobi. Watakikata vipande vyembamba, wataangalia kingo zake kwa darubini. Kingo zikiwa safi, basi. Zikiwa si safi, utakwenda kule kwa dawa ya mionzi."

"Uliangalia kwenye beseni?"

"Tumetoa yote," alisema tena, kwa upole ule wanaoutumia kwa watoto na kwa Waafrika, akaenda kitanda kinachofuata.

Mkunga alinitazama. "Anasema yote. Hajui kama kingo ni safi, lakini anasema yote. Mimi muuguzi wangu akiniandikia hivyo namchapa."

Tukarudi Kosele kungoja barua. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mgonjwa wetu hafi kwa ugonjwa, hufa kwa wageni. Walikuja na maziwa, kuku na nyimbo, wakaketi kwa mpangilio wa umri, kisha kila mmoja akasimulia habari za mtu aliyekuwa na kansa. Shangazi wa fulani alitolewa hicho hicho, akanenepa, akafa. Jirani wa fulani alitolewa, wakasema imekwisha, ikatokea kwenye mgongo. Mwalimu wa Jumapili alileta habari za mwanamke mmoja wa Rongo ambaye, kwa bahati nzuri, alikufa haraka.

"Umemaliza?" Mkunga alimwuliza.

"Ndiyo, Sista. Tunakuombea."

"Omba ukiwa kwako. Huko pia Mungu anasikia."

Waliporudi makwao waliambiana jambo jingine, na hilo lilimuuma kuliko mshono. Mwanamke asiye na nyumba ya mtoto atamzalishaje mwenzake? Mikono yake si itafunga tumbo? Hawa ni wanawake aliowazalisha yeye, mmoja mmoja, na watoto wao. Wiki ile wajawazito watatu walipita mbele ya zahanati na kwenda kuzaa kwa bibi mmoja mwenye mitishamba, tena wakasalimia walipokuwa wakipita.

Wiki ya tatu aliniita kupitia tundu la ua. Ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Alikuwa amekitandaza kitambaa juu ya nyasi, na katikati pana doa la damu.

"Digrii, njoo usome hii. Nyeusi au nyekundu?"

"Ni kama kahawia, Sista."

"Nani amekufundisha rangi? Angalia vizuri. Ikiwa kahawia ni ya zamani, ni nyuzi za ndani zinaoza, kawaida. Wiki ya tatu inakuja, nimewaambia wanawake mara mia. Ikiwa nyekundu..." Hakumaliza. Aliishika ncha ya kitambaa, akaisogeza karibu na macho yake. Tulipiga magoti pale kwenye nyasi, mwanamke aliyejua kila kitu na mwanamke mwenye shahada, tukibishana juu ya rangi. Hatimaye nilisema ni kahawia, kwa sauti ya darasani. Sikuwa na uhakika. Yeye alijua sikuwa na uhakika.

Barua haikuja. Badala yake alikuja shemeji.

Huyu alikuwa ndugu wa marehemu mume wake, mvuvi na mzee wa kanisa wa kisiwa cha Takawiri, mtu wa heshima nyingi na masikio machache. Alivuka ziwa kuja kumjulia hali, akanywa chai, akakohoa, akafikia kilichomleta.

"Yuora," alianza, akimwita shemeji kwa Kijaluo, "tumesikia wamekutoa kitu. Kitu chenyewe kiko wapi?"

"Nairobi."

"Nairobi kwa nani?"

"Kwa wenye darubini."

Shemeji aliweka kikombe chini. Mwili wa mtu, alieleza, huzikwa nyumbani, wote. Na kitu kile kilizaa wanaume watatu wa ukoo wao. Hakiwezi kukaa kwenye chupa mji wa watu kama samaki wa kuonyeshwa wageni. Akifa siku moja na kuzikwa nusu, nusu nyingine itauliza.

"Shemeji," Mkunga alisema, "mimi nakitafuta kabla yako. Ukikipata, niite."

Alisema hivyo kumfukuza. Lakini mzee wa kanisa wa Takawiri haelewi kejeli, alielewa ametumwa. Alikwenda moja kwa moja hospitali ya misheni, akaketi chini ya dirisha la dresa mmoja, mfunga vidonda wa wodi, siku mbili, akiimba nyimbo za maziko kwa sauti ya chini. Siku ya tatu, Jumatatu, dresa alichoka. Alimletea mkebe uliofungwa kwa plasta, wenye fomalini inayochoma pua, akamwambia, "Chukua, mzee, nenda kwa amani." Ijumaa asubuhi habari zikatufikia Kosele: kizazi cha Mkunga kimezikwa Takawiri kwa heshima zote.

Nilidhani atacheka. Aliinuka kitandani na kuanza kuvaa sare.

"Sista, wiki ya tano! Wewe mwenyewe husema wiki sita bila safari, bila kubeba!"

"Sitabeba. Wewe utabeba beseni."

Tulivuka ziwa kwa motaboti. Nilijua kinachomwendesha. Kama kweli kiko pale, angeona kingo kwa macho yake, darubini au bila darubini, na angejua kama ana miaka mbele au miezi.

Palikuwa na kilima kidogo cha udongo kando ya kaburi la mumewe, kimezungushiwa mawe meupe. Shemeji alitupokea kwa fahari.

"Fukua," Mkunga alisema.

"Yuora! Kitu kilichoombewa hakifukuliwi."

"Umezika mwili wangu bila kumwita mwenye mwili. Fukua, au nafukua kwa mikono na mshono ufunguke hapa, na uzike kilichobaki leo leo."

Akafukua. Mkunga akaketi kwenye kigoda, beseni mapajani, akamimina kile kitu, akakiosha kwa maji ya ziwa niliyomtekea. Watu wa boma walisimama mbali, kofia mkononi. Akakigeuza mara moja, mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimkimbilia. Alikuwa anacheka.

"Shemeji. Mlilia?"

"Tulilia, ndiyo."

"Mchungaji alikuja?"

"Alisoma Zaburi."

"Mmezika kondo la nyuma la mtu. La mwanamke mwingine kabisa. Dresa amechota kwenye ndoo ya wodi akakupa!" Alicheka hadi akashika mshono kwa maumivu, na hata mimi, ambaye nilikuwa nimesafiri kwa heshima ya maiti, nilicheka. Shemeji alitazama mawe yake meupe.

Lakini vidole vya Mkunga havikujua kwamba ni wakati wa kucheka. Viliendelea na kazi yao, ukingo kwa ukingo, kwa mazoea. Kicheko kikakatika.

"Digrii. Weka kidole hapa."

Niliweka. Ukingoni palikuwa na pengo lenye kingo za kuchanika, la kutosha yai la kuku.

"Shemeji, ulipewa lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Leo Ijumaa." Akahesabu kwa vidole vilivyolowa. "Kuna mwanamke mahali fulani ana hiki kipande ndani. Digrii, inuka. Funika beseni."

Sitasimulia safari ya kurudi. Nilikuwa na beseni lililofunikwa kwa taulo mapajani, na abiria waliokuwa karibu wakidhani ni chakula walishangaa ubahili wetu. Jumamosi tulifika hospitali, Mkunga akaingia ofisini kwa daktari bila kubisha na kuweka beseni juu ya karatasi zake.

"Ni la nani?"

Niseme kwa haki: mzungu yule aliangalia mara moja tu, akabadilika rangi, akaita daftari la wodi. Wanawake watatu walikuwa wamejifungua kati ya Jumapili na Jumatatu. Wawili walikuwapo bado, wazima, wanalalamikia uji. Wa tatu alikuwa mtu wa Ntimaru, ameruhusiwa, amekwenda.

"Nitatuma gari na muuguzi," daktari alisema. "Wewe, Sista, utalala hapa. Umetoka kupasuliwa."

"Muuguzi huyo ndiye aliyeandika limetimia?"

Daktari akatazama daftari. Ndiye.

"Basi tunakwenda mimi na beseni."

Kule Ntimaru tulimkuta mama ameketi ukutani, macho yanang'aa kwa homa, mtoto kifuani, na mama mkwe anatueleza kwamba ni uchafu wa kawaida unaotoka. Mkunga hakujua Kikuria, wao hawakujua Kijaluo. Walizungumza Kiswahili cha sokoni, kila upande ukikivunja kwa namna yake.

"Kawaida?" Mkunga alimwambia mama mkwe. "Kawaida gani inanuka hivi? Wewe pua umeweka wapi? Inua huyu mtoto. Na wewe mama, simama, usinianguke, mimi sina tumbo ya kukubeba!"

Walimtii. Matusi yake yalikuwa na ladha moja katika lugha zote.

Tulimrudisha hospitali kwa gari, daktari akamsafisha kizazi jioni hiyo hiyo, na alipotoka alileta kipande kwenye sahani. Mkunga alikiweka ndani ya pengo, akakisogeza kidogo. Kiliingia kama kigae kwenye mtungi uliovunjika.

"Imetimia," alisema.

Kisha akatoka nje, akaketi karibu na bomba la kunawia, na kwa mara ya kwanza nikamwona akilia, wima, wanga wote umebaki mahali pake. Nilijaribu kumshika bega kama wafanyavyo kwenye vitabu.

"Ondoa mkono. Huyu Mkuria amepata mtu wa kumwangalia kwenye beseni. Mimi nimepata nani?"



Mwanamke wa Ntimaru akapona. Habari zilivuka Migori zikafika Kosele zikiwa zimenenepa njiani: kwamba Mkunga aliona kifo cha mtu kupitia mkebe uliofungwa. Wajawazito wakarudi. Walewale waliosema mikono yake inafunga tumbo sasa walisema mwanamke asiye na nyumba ya mtoto anaona ya wenzake vizuri zaidi, kwa kuwa yake haimsumbui. Akawapokea bila neno la kinyongo, yaani kwa matusi ya kiasi kile kile.

Wiki mbili baadaye barua ikaja. Niliisoma kwa sauti, kwa Kiingereza changu kizuri. Kingo zilikuwa safi. Hapakuwa na haja ya mionzi.

"Nani ameandika?"

"Daktari wa maabara."

"Unamjua?"

"Hapana."

"Na mimi simjui." Akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. Meza ilitulia kabisa, na kwa muda mrefu hiyo ndiyo faida pekee tuliyoiona kwa barua ile.

Kwa sababu hakuamini, hakupona. Au niseme alipona kila mahali ila kwenye uamuzi wake. Wiki sita za kutobeba kitu kizito zikawa miezi sita, zikawa mwaka, zikawa miaka. Alizalisha, alitukana, alipanda malori, alicheza kwenye harusi. Lakini hakuinua hata ndoo nusu. "Mpaka nijue kimekwisha," alisema. Nani alibeba maji yake? Mwalimu wa historia. Wasichana wangu darasani walijifunza habari za kuanguka kwa madola makubwa kutoka kwa mtu aliyekuwa na alama ya ngata kwenye nywele. Niliolewa, nikazaa mikononi mwake, nikapata tusi langu la pili, ambalo halichapiki, na siku ya kumi nilimsikia kupitia tundu la ua: "Digrii! Wewe umeshapona. Maji!"

Kila baada ya miezi sita alikwenda kupimwa, na kila mara daktari alisema hakuna kitu, na kila mara Mkunga aliuliza, "Umeona?" na daktari akasema, "Tumetoa yote, Sista." Wakaachana, yeye akiwa na hasira, daktari akiwa na huruma.

Mara ya mwisho ilikuwa Homa Bay, miaka ya sitini ikielekea ukingoni. Daktari alikuja huko mara moja kwa mwezi kuona wagonjwa katika ukumbi wa kanisa, na sasa alikuwa anastaafu, anarudi kwao. Mkunga aliniambia niingie naye. Alikuwa amevaa sare, ingawa ilikuwa siku yake ya mapumziko.

Mzungu alikuwa amezeeka. Alimpima nyuma ya pazia kwa muda mrefu, akarudi, akaketi.

"Miaka mitano, Sista. Hakuna haja ya kuja tena."

"Siku ile uliniambia umetoa yote. Uliona?"

Nilingoja neno lile lile. Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena.

"Hapana," alisema. "Niliona mpaka pale macho yangu yalipofika. Kingo sikuziona. Niliposema yote, sikujua. Nilitumaini tu."

Nje watu wa foleni walikuwa wakibishana nani amefika kwanza.

"Miaka mitano," Mkunga alisema hatimaye. "Ungesema hivyo siku ile, ningelala usingizi."

"Kweli ungelala?"

"Hapana. Lakini ningekutukana na yangeisha." Akasimama, akampa mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona. "Hii sasa naandika."

Tukateremka ufukweni. Alinunua ngege, ndoo nzima, akibishana na muuzaji mpaka samaki mmoja akaongezwa ili aondoke. Nikafanya kama nilivyozoea: nikakunja leso kuwa ngata, nikaiweka kichwani, nikainama.

"Lete hapa," akasema.

"Nini?"

"Ngata. Umekuwa kiziwi? Lete."

Akaivua kichwani pangu, akaiweka kwake, juu ya kofia nyeupe ya kazi, akachutama kidogo, mgongo wima. Nilisimama kama mti.

"Nitwike, Digrii."

Nikainua ndoo, nikaiweka. Aliisimamia kwa mkono mmoja, akanyanyuka polepole, akisikiliza ndani ya tumbo lake kama mtu anayesikiliza mlango. Kisha akaachia mkono. Maji ya samaki yalimdondokea begani, kwenye ule wanga, na hakuyajali.

Alikuwa ameshanipita hatua ishirini alipogeuka, shingo na ndoo na yeye vyote kwa pamoja.

"Tembea, wewe! Mikono mitupu na bado unabaki nyuma. Hicho chuo kikuu walikufundisha kusimama?"